Wapangaji wa Chupani

Mke wangu alichambua wadudu miaka kumi na moja. Wadudu wenyewe hakuwapenda. Akiona mende jikoni alikuwa ananiita mimi.

Kazi ilikuwa hivi. Ukingoni mwa msitu kuna kituo cha utafiti, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kwetu. Kwenye miti mirefu wametundika mitego kwa kamba. Mmoja uko chini kwenye majani makavu, mwingine mita kumi, mwingine ishirini, mwingine thelathini, na wa mwisho mita arobaini, kule kwenye jua. Kila wiki wapandaji wanateremsha kilichonaswa. Kinamwagwa kwenye sinia jeupe. Mke wangu anakaa na kibano chake, huyu huku, yule kule, kila aina na chupa yake ya spiriti. Wataalamu walitaka kujua nani anaishi urefu gani.

Mita hazikumwingia kichwani. Mwezi wa kwanza alikosea mpaka wakataka kumwachisha. Ndipo akaja na hesabu yake. Jengo letu lina vyumba vya chini na ghorofa nne. Mimi ni mwangalizi wake: funguo, bomba, taa za ngazini, na ndoo za maji siku bomba likigoma. Yeye akasema mti na jengo ni kitu kimoja. Chini ni chini. Mita kumi ni ghorofa ya kwanza. Arobaini ni ya nne. Hakukosea tena.

"Na wanafanana," aliniambia. "Wa chini wanakula kinachodondoka kutoka juu. Wa katikati wachache, wamejifungia. Wa juu kabisa ndio fujo. Kila mtego nakuta sura mpya."

Hilo nililijua. Ghorofa ya nne hupangishwa chumba kimoja kimoja. Kila mwezi kuna mtu sijawahi kumwona ananiulizia taa.

Majina ya kitaalamu yalikuwa marefu, naye alisoma madarasa mawili. Mimi sikusoma hata moja. Herufi hizi alinifundisha yeye, nyuma ya karatasi za kituo. Basi wadudu akawapa majina ya wapangaji. Mtaalamu wa zamani alizoea. Siku moja alikuja jengoni kuniona, akapanda ngazi zote, akashuka anafuta machozi ya kicheko.

Nilimuuliza mke wangu, "Na mimi umenipa yupi?"

"Tafuta. Umo."

"Na wewe?"

"Mimi simo. Nani atanifunga kifuniko?"

Alikufa kwa ugonjwa wa figo. Hospitalini tulikuwa na siku tisa. Ningeweza kumuuliza tena. Tulizungumza habari za bomba.

Mwezi wa tatu baada ya kumzika, akaja daktari wa wadudu. Binti mdogo, mgeni kituoni. Yule wa zamani alikuwa ameshastaafu na kwenda na kicheko chake. Binti alibeba daftari la mke wangu kwapani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti."

"Pole kwa msiba. Samahani, naomba kuuliza. Hapa ameandika Redio, ghorofa ya tatu. Redio ni mdudu gani?"

"Si mdudu. Yuko hapo juu. Msikilize."

Akamsikia. Jengo zima linamsikia.

Akaniambia shida yake. Spiriti ilikuwa imeyeyusha wino wa lebo. Chupa mia na sitini na moja, hakuna yenye jina. Mdudu angemtambua kwa macho, lakini nani kati ya hawa wa daftarini, na alitoka urefu gani, hakuna ajuaye. Na Mkuu wa kituo alikuwa ameshatoa tangazo. Chupa isiyo na jina mpaka mwisho wa mwezi, inamwagwa. Anataka nafasi kwenye rafu.

Nikamwambia kwangu kuna jambo moja tu. Nataka kujua ni ipi yangu. Asije akanimwaga kabla sijajiona.

Alifikiri. Kisha akasema neno ambalo mimi nisingethubutu.

"Baba, tuwalete wapangaji. Tuwafananishe."

Mkuu hakukataa. Mkuu ni mtu wa fomu. Alitengeneza fomu ya utambuzi, nakala tatu, na kila mpangaji alete picha mbili za pasipoti. Aliandika pia orodha ya wapangaji wote waliopita jengoni kwa miaka kumi na moja. Niliisoma mimi kwa sauti kutoka kwenye kitabu changu cha funguo, akaandika yeye. Wa kwanza kwenye orodha nilikuwa mimi. Wa pili mke wangu.

Jumamosi tukaenda, watu thelathini na tisa, tumevaa vizuri. Sijui kwa nini tulivaa vizuri.

Fundi viatu wa chini alikuwa wa kwanza. Daktari akamwekea mbele mdudu mweusi, kalala chali.

"Huyu ni kifaurongo. Ukimgusa anajifanya amekufa."

"Mimi na huyu wapi na wapi?" fundi akauliza.

Redio akajibu kutoka kwenye foleni. "Fundi, viatu vyangu nimevifuata mara sita. Mara zote umelala."

"Kazi inachosha, ndugu yangu."

"Jicho moja liko wazi."

Daktari akaandika. Fundi akaomba basi ahamishiwe ghorofa ya pili, walau kwenye fomu. Mkuu akamwambia hakuna nafasi.

Redio alikuja na mashahidi wawili, waseme yeye ni mtu mkimya. Mashahidi hatukuwasikia, maana alikuwa anaongea yeye. Akapewa nyenje. Alimtazama sana. "Mbona ana tumbo?" akasema. Kisha akatia sahihi.

Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya nne aliandika pingamizi, kurasa mbili. Alipinga kulinganishwa na mdudu yeyote kwa kanuni. Daktari akamwonyesha vunjajungu. Amesimama wima, mikono ameikunja kifuani, kichwa pembeni, kama anayengoja darasa linyamaze. Mwalimu alikunja mikono kifuani, akaweka kichwa pembeni, akasema hakuna ufanano wowote.

Watu wakainama kutazama sakafu.

"Lakini hapa kuna kosa," daktari akasema. Alikuwa anafunua daftari. "Mwalimu yuko ghorofa ya nne miaka yote, ila mwaka mmoja ameandikwa ya kwanza. Mdudu wa mita arobaini hashuki mita kumi. Mama alichanganya."

Nikaona uchungu. Mke wangu hakuchanganya.

"Hakuchanganya," mwalimu akasema. "Ule mwaka wa ukame maji hayakupanda. Nilihamia ghorofa ya kwanza. Muulize huyu mzee, ndiye aliyenibebea kitanda."

"Nilibeba," nikasema. "Na makabati."

Daktari akaondoka, akarudi na karatasi za wapandaji wenyewe, za wadudu wakubwa tu, zilizoandikwa kule mtini kabla mke wangu hajagusa kitu. Alisoma kwa kidole. Mwaka ule majani ya juu yalikauka, na vunjajungu wale walinaswa mita kumi, wote. Akainua macho.

"Mwalimu, ulirudi juu lini?"

"Mvua zilipoanza. Wiki ya pili."

Akatazama tena karatasi. Wadudu nao walirudi wiki ya pili.

Mwalimu akaomba pingamizi lake. Akalikunja, akalitia mfukoni, na akaomba nakala ya ukurasa ule.

Ikaenda hivyo Jumamosi tatu. Waliohama niliwatambua mimi. Yule wa chumba cha saba aliyekuwa anapita ukutani ubavuubavu. Wale ndugu wawili waliokuwa wanagombana hata wakila. Yule mama mpole, ghorofa ya pili, aliyekaa miaka minne nisimjue sauti. Alikuwa nondo wa kijivu, na nilipomwona niliondoa kofia. Ghorofa ya nne peke yake ilikuwa na chupa sabini na mbili. Daktari alisema ndivyo msitu ulivyo, juu kabisa kuna aina nyingi kuliko kote. Nikamwambia angeuliza tu mwenye funguo.

Mimi sikujiona.

Nilianza chini, maana chini ndiko tulikokaa, chumba cha kwanza karibu na mita ya maji. Sikuwamo. Nikapanda ya kwanza, ya pili. Fundi viatu alinishika bega. "Mzee, mende huyu ni wewe kabisa, tazama masharubu." Huyo alishakuwa mkusanya taka. Ya tatu, hamna. Ya nne nilikagua mara mbili, nikidhani labda aliniheshimu.

Siku ya mwisho wa mwezi zilibaki chupa kumi na nne, na ndani yake hapakuwa na mtu niliyemjua. Daktari alikuwa anafagia chini ya meza ya mke wangu. Akatoa kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo, chupa. Nje ya kopo mke wangu ameandika kwa msumari, ili maandishi yasije yakafa: NGAZINI.

Walikuwa sisimizi. Weusi, wakubwa, wa aina moja.

"Hawa hawatoki mitegoni," daktari akasema. "Hawa ni wa shina. Wanapanda na kushuka kutwa. Wapandaji hushuka nao kwenye kamba na nguo. Kwenye daftari hawana sehemu. Sijui kwa nini aliwaweka."

Akanipa kioo cha kukuzia. Nikatazama. Kila mmoja alikuwa ameuma kitu mdomoni. Kipande cha jani, tone lililoganda, mguu wa mwingine. Wamekufa na hawakuachia.

"Ndoo," nikasema.

"Baba?"

"Ni ndoo hizo. Ni mimi."

Tuliwahesabu. Wako mia nne na kitu. Kila sisimizi mke wangu aliyemkuta kwenye shati la mpandaji alimwokota, miaka kumi na moja, na hakuna aliyemwagiza.

Mkuu akaingia na kalamu yake. Akatazama kopo.

"Urefu gani?"

"Wote," daktari akasema.

"Fomu haina wote. Kuna chini, kumi, ishirini, thelathini, arobaini."

"Huyu anapita kote."

"Basi hana mahali. Asiye na mahali yuko pamoja na hizo kumi na nne. Zimwagwe leo."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo rafu zilivyo. Nililiweka kopo kwapani. Mkuu akanyoosha mkono alichukue, kwa adabu.

"Mkuu," nikasema, "orodha umeimaliza?"

"Imekamilika."

"Naomba tuitazame."

Akaitoa. Nakala tatu. Majina yote kuanzia mstari wa tatu yana alama ya vema kwa wino wa bluu. Nikamwonyesha mstari wa pili.

"Huyu hana alama."

Akasogeza miwani. "Huyu nani?"

"Mke wangu. Alikaa chini, chumba cha kwanza. Hajapatikana."

"Na wewe je?"

"Mimi nimepatikana sasa hivi, nipe alama. Yeye bado."

Mkuu akaikagua orodha kutoka juu mpaka chini, nakala ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kote mstari wa pili ulikuwa mtupu. Nilimwona anaumia. Mtu kama yule hawezi kufunga orodha yenye tundu.

"Yumo kweli humu?" akauliza.

"Wapangaji wote wamo. Ulisema mwenyewe."

"Kwa hiyo anaweza kuwa kwenye chupa yoyote."

"Yoyote."

"Hata kati ya hizi kumi na nne."

"Sijui. Labda hata zile mlizoandika mlikosea."

Akavuta pumzi. Akaandika chini ya orodha: *Chupa zote zibaki rafuni mpaka mpangaji namba mbili apatikane.* Akatia sahihi, akagonga muhuri, mara tatu. Kopo langu akaliwekea rafu yake peke yake, kati ya ishirini na thelathini, kwa muda.

Daktari alinisindikiza mpaka mlangoni. Yeye nilishamsimulia habari ya kifuniko.

"Baba," akasema polepole, "si alikwambia hayumo?"

"Mimi nimesema hajapatikana."

Akaangalia miti. Hakuandika kitu.

Sasa kila Jumamosi naenda. Nina ruhusa, ina muhuri. Nakalishwa kwenye kiti cha mke wangu, nawekewa sinia lake na chupa moja moja. Nafungua, natazama, nafunga kifuniko. Sina haraka. Wapangaji wakinikuta ngazini wananiuliza kama bado, nawaambia bado. Fundi viatu huwa ananipigia saluti, jicho moja wazi.

Juzi Mkuu alipita, akasimama nyuma yangu.

"Kuna dalili yoyote, mzee?"

"Bado, Mkuu. Ndiyo kwanza niko ghorofa ya pili."