Dengu za Mgeni

Bodaboda iliniacha katika kijiji nisichokijua, nje ya Bariadi, nikamkuta bibi shamba wa serikali akikusanya dengu nyumba kwa nyumba. Kila punje aliigeuza kwa ukucha kabla ya kuitia kwenye bahasha yenye jina la mkulima. Kesho zingekwenda maabara kupimwa seleniamu, madini ambayo mwili huhitaji kidogo tu na dengu huyapata udongoni. "Mayu, hizi za shambani kwako?" bibi shamba alimuuliza mwenye nyumba ya mwisho, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Hapana, mwanangu! Zangu zimetobolewa na wadudu. Wewe mgeni, tumekununulia nzuri mnadani, kijiji kizima."

Bibi shamba alizitazama bahasha zake arobaini, majina ya wakulima wa hapa na dengu za udongo mwingine, akacheka. Akaomba zile zilizotobolewa, akazipokea kwa mikono miwili, akaenda kuanza upya nyumba ya kwanza. Nilibaki na yule mama, akiniuliza serikali inazitakia nini dengu mbovu.