Nilimwachia Ndahani Waya Uliokatika

Nimekosa. Naanza na hilo, msije mkadhani natafuta huruma. Nilimfanyia mtu ubaya kwa makusudi, mchana kweupe, akili zangu zote zikiwa sawa, na nikafurahi. Mikono iliyofanya ni hii hii inayowaandikia hapa gazetini.

Mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dodoma. Jina langu liacheni. Na huyo niliyemkosea nitamwita Ndahani, ambalo si jina lake, ila akisoma atajijua.

Ndahani alikuwa msimamizi wangu kwenye karakana ya serikali. Nilifika pale kijana, nimetoka Mvumi na darasa la saba langu, sijui balbu wala fyuzi. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Nilikuwa namwamkia shikamoo kila asubuhi kwa moyo mmoja. Hilo silifichi, kwa sababu ndilo linalonichoma.

Kulikuwa na kitu kimoja nilichoshindwa. Magari huja na vitabu, na ndani ya vitabu kuna michoro ya umeme: mistari, alama, namba, na Kiingereza juu yake. Barua ya Kiswahili nasoma vizuri, lakini ule mchoro uligoma kuingia kichwani. Ndahani alilijua hilo peke yake. Kila lilipokuja gari la kutaka mchoro, alisimama karibu yangu akanisomea kwa sauti ya chini, waya wa kijani unatoka hapa unakwenda pale, mimi nikafanya. Miaka kumi na moja hakuna mwingine aliyejua.

Alinifundisha na namna yake ya kufunga waya. Wengine hufunga kwa teipu, au wanapiga fundo tu. Yeye alikata mpira wa tyubu vipande vyembamba, akavizungusha kutoka kulia kwenda kushoto, kila mzunguko ukilalia nusu ya mwenzake, na mwisho hakupiga fundo, aliichomeka ncha chini ya mzunguko wa mwisho. Karakana nzima tuliofunga hivyo tulikuwa wawili, yeye na mimi. Likumbukeni hilo.

Ikaja miaka ya ruksa, biashara huria ikafunguliwa. Serikali ikaanza kupunguza watu, na kwetu ikaamriwa kati ya mafundi umeme wawili, yeye na mimi, abaki mmoja. Kamati ilikaa ofisini, mimi nikawa nje chini ya dirisha, najifanya nasafisha plagi. Nikamsikia Ndahani kwa masikio yangu.

"Mikono anayo," alisema. "Lakini mchoro hajui kusoma. Miaka yote hii namsomea mimi."

Basi! Hapo hapo nikawa nimekwisha. Siri aliyonitunzia miaka kumi na moja aliitoa siku moja, ili aokoe kibarua chake. Nilitoka pale na bisibisi zangu mbili mfukoni na hasira ya kunitosha mpaka kaburini.

Nilifungua banda Majengo. Magari ya mitumba yalikuwa yanamiminika, na mengi yalikuja bila kitabu, nyaya zimeungwaungwa na kila aliyeyagusa njiani. Hapo mchoro haukuwa na kazi. Ilitakiwa mikono na masikio, na mimi nilikuwa navyo. Jina langu likakua, watu wakawa wanatoka mpaka Kondoa kunitafuta. Karakana nayo ilipofungwa kabisa na Ndahani akapoteza kibarua kile kile alichokiokoa kwa kuniuza, nilinunua soda nikawagawia mafundi wa jirani. Waliniuliza kuna sherehe gani. Nikawaambia nimefurahi tu.

Ndahani alikwenda kulima zabibu Hombolo. Mradi mmoja wa wafadhili ulipofunga shughuli zake na kunadi vitu, akanunua pikipiki ya magurudumu manne, kuukuu, ya kubebea zabibu. Mjini ilikuwa kitu kigeni. Kwa jinsi ilivyochuchumaa, watu waliibandika jina la Chura.

Chura alikuwa na ugonjwa. Taa ya mbele ilizima inapotaka na kuwaka inapotaka. Ndahani mwenyewe aliihangaikia wiki nzima. Alipima fyuzi akaikuta nzima, swichi nzima, balbu nzima, na kile kitabu alichopewa siku ya mnada hakikufanana tena na nyaya zilizokuwamo. Msoma mchoro mkubwa ameshindwa na pikipiki! Ndipo akaniletea mimi.

Alinikuta nimeinama kwenye gari. "Mbukwa," alinisalimu kwa Kigogo, kwa upole, kana kwamba hakuna lililotokea.

Shikamoo sikumpa. Nilimwitikia kwa kichwa, nikamwonyesha benchi. Nikamuuliza maswali mafupi mafupi kama mteja yeyote. Taa inazima wapi? Akasema barabarani, mara nyingi kwenye ile kona ya kuteremkia shambani kwake. Kona ya upande gani? Akasema ya kushoto. Nikamwambia aniachie pikipiki, akatembee sokoni.

Alipoondoka nikapanda juu ya Chura, nikawasha taa, nikageuza usukani kushoto huku nautikisa. Taa ikapepesa ikazima. Nikaurudisha katikati, ikawaka. Nikafungua kwenye shingo ya usukani, pale nyaya zinapokunjwa kila unapokata kona, nikachana gamba la waya mmoja kwa wembe. Shaba ilikuwa imekatika ndani, ncha mbili zinagusana tu. Ukienda moja kwa moja zinashikana, ukikata kushoto barabara ikakutikisa zinaachana. Dakika ishirini tu, ndugu zangu. Alichoshindwa wiki nzima, mimi kilinichukua dakika ishirini.

Kuunga waya ule ilikuwa kazi ya dakika tano. Sikuuunga.

Nilikaa nikautazama, nikamsikia tena akisema hajui kusoma. Nikasema moyoni, wewe utarudi hapa. Utarudi na kurudi, utakaa kwenye benchi langu, na watu watakuona. Sikuwaza ajali, naapa. Niliwaza aibu yake tu, niliitaka kama mtu anavyotaka maji.

Na hapa ndipo nilipofanya ujinga ambao mtu asiye fundi hawezi kuufanya. Nilikuwa nimeuchana ule waya, upo uchi. Mikono yangu haikukubali kuuacha uchi. Nikakata kipande cha tyubu nikaufunga vizuri, kulia kwenda kushoto, nusu juu ya nusu, ncha nikaichomeka chini. Niliufunga waya uliokatika bila kuuunga! Kisha nikasugua miguu ya balbu ing'ae, nikakaza waya wa ethi unaoshika kwenye chuma, nikarudishia kila kitu.

Ndahani aliporudi nikawasha taa usukani ukiwa umenyooka. Iliwaka kali. Akashukuru mara mbili, akaondoka.

Wiki iliyofuata alirudi. Nilimkalisha benchi toka asubuhi mpaka adhuhuri, nikahudumia wote waliokuja nyuma yake. Kisha mbele ya mafundi wenzangu nikamuuliza kwa sauti kubwa kama ni kweli yeye, msimamizi wa karakana nzima, ameshindwa na taa moja. Akainamisha kichwa akasema ndiyo, ameshindwa. Nilibadilisha balbu nikamwachia aende. Usiku ule nilikula ugali kwa hamu mpaka mke wangu akanishangaa.

Akaja mara ya tatu. Alionekana ana neno la kuniambia, anakohoa, anaanza, anaacha. Sikumpa nafasi. Nikachukua kile kitabu chake kilichokuwa kwenye kapu la Chura, nikamrushia mapajani.

"Soma mchoro," nilimwambia. "Si wewe ndiye unayejua?"

Vijana walicheka. Yeye alikifunga kitabu taratibu. Nilichezea swichi kidogo, nikampa Chura wake. Jua lilikuwa linashuka alipoondoka, na Hombolo ni mbali. Nilimwona anavyotokomea na nikarudi kwenye kazi zangu.

Kigiza kilimkuta kwenye ile kona. Alikata kushoto, taa ikazima, Chura akaingia korongoni na kupinduka juu yake. Mkono wake wa kulia ulibaki chini ya usukani mpaka wachungaji walipomkuta asubuhi.

Mkono wa kulia! Madaktari waliuokoa, lakini vidole vitatu havikunjiki tena. Fundi umeme asiyeweza kushika koleo. Nilipopata habari nilikaa chini kwenye mchanga wa banda langu.

Baada ya mwezi alituma mtu kuniita Hombolo. Nilikwenda kwa kuogopa kwamba nisipokwenda nitajitangaza. Nilimkuta uani kwake, mkewe amekaa pembeni anachambua mboga. Chura alikuwa pale, usukani umefunguliwa. Alikuwa ameufungua mwenyewe kwa mkono wa kushoto, kidogo kidogo, siku kadhaa.

Alimwomba mkewe atuletee maji ya kunywa, na mama alipoingia ndani akanivutia ule waya mbele ya macho yangu.

"Huu mkunjo ni wa nani?" aliniuliza.

Duniani tuliofunga hivyo tulikuwa wawili, na yeye hakuwa ameufunga.

"Ulipaona," alisema. "Ukapachana, ukapaona, ukapafunga." Akaupapasa mpira ule kwa kidole kimoja kinachokunjika. "Na umefunga vizuri."

Nilipiga magoti. Nikasema aniitie polisi. Akatikisa kichwa. Akaniambia mara zote tatu alizokuja bandani kwangu alikuja na neno la kuniomba radhi kwa yale aliyoyasema mbele ya kamati, na kila mara alishindwa kulitoa, kwanza nilimtuma sokoni, kisha nikamkalisha mbele za watu. Sasa, akasema, hana haja nalo tena.

"Sitakushitaki," alisema. "Watu wakiniuliza, nitawaambia hukujua."

Mkewe akarudi na maji. Nikanywa. Njia nzima ya kurudi mjini nilimshukuru Mungu kwa roho ya yule mzee. Mjinga mimi! Nilidhani nimesamehewa.

Alitimiza ahadi yake. Kanisani walimuuliza mkono umefanyaje, akasema taa ilimzimikia, fundi hakuuona waya uliokatika, si kosa lake, hakujua. Kwenye mnada wa ng'ombe akasema hivyo hivyo. Kwa wanunuzi wa zabibu, kwa wale wa karakana ya zamani, kwa kila aliyeutazama ule mkono. Anasema kwa upole, bila chuki, na kila anayemsikia anamwona mtu mwema. Hakujua. Masikini, mikono anayo, lakini hakujua.

Lile lile neno la kwenye kamati! Safari hii limekwenda mpaka Kondoa.

Wateja wakaanza kupita mbele ya banda langu bila kusimama. Kijana niliyemfundisha mwenyewe kupima fyuzi amefungua banda ng'ambo ya barabara, na ndiye wanayempelekea magari. Mwanangu alirudi shuleni siku moja akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye fundi aliyeshindwa kuona waya. Ningemwambia nini mtoto? Kwamba baba yako si mjinga, baba yako ni mkatili?

Hapo ndipo aliponifunga. Nikikaa kimya, mimi ni fundi asiyejua. Nikisema nilijua, mimi ni mtu aliyemtuma mwenzake korongoni, na kuna sheria na kuna jela. Nimechagua kunyamaza miaka yote hii, na kila siku nauonja ule uchaguzi. Nawaambia kweli, kuna siku natamani angeniitia polisi.

Tunakutana sokoni. Anauinua ule mkono wake uliokauka ananisalimu mbele za watu. "Mbukwa, fundi," anasema. Ananiita fundi! Na mimi namwamkia shikamoo, kwa sauti, kila mara, kwa sababu wote wanatutazama. Mpaka leo bado namchukia, na mpaka leo nikiuona ule mkono usingizi unanipaa, na sijui vyote viwili vinakaaje ndani ya mtu mmoja.

Wewe unayesoma, kama una adui, na siku moja akaleta kitu chake mikononi mwako, kitengeneze. Mtukane kama unataka kumtukana. Mfukuze akatafute fundi mwingine, ni haki yako. Lakini ukikipokea, kitengeneze, kwa sababu ubaya unaoufanya ndani ya kazi yako huwezi kuukana bila kuikana kazi yenyewe. Mimi kwa kunyamaza nimeikana kazi yangu, na ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho.

Nawe Ndahani, wewe unajua kusoma, soma na hili. Nililiona tatizo la Chura wako kwa dakika ishirini, bila kitabu. Nilijua. Nimelisema sasa, mbele ya nchi nzima, na bado siwezi kuweka jina langu chini yake.