Kiti cha Mkwe wa Alexandria

Miaka ya tisini ilikuwa ukingoni mdogo wangu Neema alipopiga simu kutoka Marekani: kuna kijana wa huko anataka kumwoa. Wazazi wetu walishafariki, hivyo dada mkubwa ndiye wa kwenda kuwatazama wakwe. Nikatia kanga za zawadi kwenye sanduku, nikamuaga mume wangu pale Tanga, nikaenda.

Takoma Park, anakoishi Neema, nilipokewa kwa baridi kali na chapati za moto. Jumamosi tukapanda treni kwenda Alexandria, ng'ambo ya mto, kwa mama wa kijana, Bi Martha. Njia nzima Neema alinihubiria.

"Dada, yule mama ana vitu vya kale. Please, usi-touch kitu!"

"Hata chai?"

"Chai utakunywa. Polepole."

Alexandria tuliingia sebule inayonukia nta. Bi Martha, mama mrefu aliyenyooka kama mlingoti, alituonyesha birika la fedha na viti vya mkangazi, Neema akitafsiri: vyote kazi ya mafundi wa mji huohuo, taifa lao likiwa bado changa. Miguu ya viti ilikuwa myembamba kama ya korongo. Nami, Mungu hakuninyima mwili.

"Karibu ukae," akasema Bi Martha.

Nikajibu nimechoka kukaa, nilikaa sana kwenye ndege. Nikanywa chai nimesimama. Kikombe cha pili, nimesimama. Uso wa Bi Martha ukaanza kukunjamana.

"Anadhani umemkataa mwanawe," Neema akaninong'oneza.

Ningefanyaje? Nikakaa. Kiti kikalia kwaaa! Neema akafumba macho. Lakini wapi, kiti kilitulia tuli.

Bi Martha akanitazama kwa wivu. "Kikoje?"

Kumbe hajawahi kukikalia! Mama yake alimkataza tangu utotoni, naye akatii hata baada ya kumzika. Nikainuka, nikamshika mkono, nikamketisha. Akajisogeza huku, akajisogeza kule.

"Kigumu!" akasema, akacheka hadi machozi yakamtoka. Mambo ya posa yakaisha palepale, kwa vicheko.

Niliporudi Tanga nilifungua kabati, nikatoa vikombe vya harusi yetu, ambavyo tangu tuoane vilikuwa vya kutazamwa tu. Hakuna fundi anayefinyanga kikombe kwa ajili ya kabati. Nikammiminia mume wangu chai, na ilikuwa Jumanne tu, si sikukuu. Akakitazama kikombe, akatazama mlangoni.

"Kuna mgeni gani?"

"Wewe," nikamwambia. "Kunywa."