Kitambaa cha Fundi wa Kompyuta

Si kweli kwamba yule fundi wa kompyuta mjini Nyeri alisoma barua za marehemu mume wa Mama Karwitha. Wanaosema hivyo hawakuwepo. Mama Karwitha mwenyewe alikuwepo, ameketi kwenye stuli, mkoba mapajani, akimtazama. Alikwenda kununua kompyuta ya mezani ya bei nafuu kwa ajili ya familia, na kuhamishia humo mafaili ya mzee kutoka ile kuukuu. Fundi ana vidole virefu, na kabla ya kugusa mashine ya mtu huvifuta kwa kitambaa cheupe, kimoja baada ya kingine, kama anayejiandaa kula. Mama alipoelekea kwenye kompyuta ya bei ghali, fundi alimzuia kwa sauti yake ya chini. "Hiyo ni ya watu wa kuchora majumba, Mama. Watoto wakifanya homework, hii ndogo inatosha."

Mafaili yalipoanza kuhama, majina ya barua yakawa yanapita kwenye kioo. Fundi akakifunika kwa kitambaa chake, akageuka kuutazama mlango.

"Ikimaliza italia," akasema.

"Kwani ukiangalia kuna nini?"

"Macho haina adabu, Mama."

Wakangoja hivyo mpaka ikalia. Baadaye Gacheri, jirani wa Mama Karwitha, alimwendea fundi kumchokonoa aseme barua zilikuwa na nini ndani. Akajibiwa, "Ati ndani? Kulikuwa na herufi."

Kompyuta iko sebuleni, inafanya kazi vizuri. Aliyoyaandika mzee ni ya nyumba yake, na Mama Karwitha hasemi zaidi.