Kamera Ndogo na Ua la Mstari wa Kumi na Nne

Jamani, nimeumbuliwa na kamera ambayo ukoo mzima uliapa kwamba haioni.

Mimi nafuma vitambaa kwa sindano ya ndoano. Shuka langu la kitanda kikubwa lilinila miaka miwili: maua mia mbili na kumi, kila ua petali nane.

Jarida la akina mama likalitaka, ukurasa mzima! Sharti picha ifike kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo ukurasa wanapewa watu wa tangazo la sabuni.

Miaka miwili nishindwe na sabuni? Thubutu.

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ndiye mpiga picha wa ukoo. Kajiteua mwenyewe. Tunamwita Megapikseli, maana hata salamu haiishi hajaitaja kamera yake.

"Mama, hii ina megapikseli arobaini na tano!"

"Hongera, baba. Na kupika inapika?"

Yangu ni ndogo, aliniachia marehemu mume wangu. Mlango wa betri nimeufunga kwa mpira wa nywele. Megapikseli nane.

"Hiyo ya kwako, Mama, ni ya kupigia sisimizi picha za pasipoti."

Nikammiminia chai. Mkwe ni mkwe.

Jumatano akaja na taa mbili na mwavuli mweupe. Akanihamishisha kiti mara tatu. Akapiga picha, akazituma jaridani kwa ujumbe wa simu, "fasta fasta, Mama." Kisha akafuta kadi na kusafiri kwenda kupiga picha za harusi hadi Jumapili.

Alhamisi asubuhi, simu ikalia. Binti anayepanga kurasa za jarida.

"Bibi, picha hizi hazichapishiki. Tukizitanua zijaze ukurasa, maua yanakuwa ukungu."

"Na zile arobaini na tano zimekwenda wapi?"

"Kwenye kamera zilikuwepo, Bibi. Ujumbe wa simu umeziminya. Huku imefika moja na ushee."

Alaa! Kumbe mtaalamu wetu kapika sufuria nzima, kapakua kijiko.

"Mwanangu, ukurasa wenyewe unataka ngapi?"

"Vitone mia tatu kwa kila inchi. Ukurasa ni inchi nane kwa kumi."

Hapo akawa ananiongelesha lugha yangu. Picha ni kitambaa, vitone ndio vishono. Ukilazimisha kitambaa cha stuli kifunike kitanda, utakivuta mpaka kiwe wavu.

Nikachukua penseli yangu ya kuhesabia maua. Mia tatu mara nane, elfu mbili mia nne. Mia tatu mara kumi, elfu tatu. Zidisha: milioni saba na laki mbili.

Na megapikseli moja ni vitone milioni; kamera yangu ya sisimizi ina milioni nane.

Nikarudia hesabu mara mbili, maana darasa la saba ni la zamani. Ikatoka vilevile.

Nikafungua dirisha. Nikaondoa mto ili shuka lionekane lote. Nikapanda stuli, viwiko juu ya kabati mkono usitetemeke, nikabonyeza.

Kadi nikaifunga kwenye leso, nikaipeleka mwenyewe. Ujumbe wa simu wa nini tena?

Yule binti akaikuza kwenye kompyuta.

"Bibi, inatosha! Hata uzi mmoja mmoja nauona."

Sabuni ikasubiri mwezi ujao.

Jarida likatoka. Nikaita watu wote sebuleni. Megapikseli alikuwa anatazama dari kama fundi wa umeme. Nilifurahi, sitadanganya.

Wifi yangu akavaa miwani, akainama juu ya ukurasa.

"Wifi."

"Abee."

"Hili ua la mstari wa kumi na nne, mbona lina petali saba?"

Nikalifunika lile ua kwa kiganja.

Siku niliyolifuma nilisinzia, jamani. Nikaona uvivu kufumua. Tangu hapo, ua lile makazi yake ni chini ya mto. Mto ule ule niliouondoa mimi kwa mikono yangu.

Na chini ya picha, kwa herufi nene, maneno niliyomwambia mhariri: "Sijawahi kukosea ua hata moja."

Megapikseli akashusha macho kutoka darini. Akatabasamu taratibu.

"Mama, kweli nane zinatosha."

Basi mnaouliza kama kamera zenu zinafaa jaridani, pigeni hesabu ya vitone, mpeleke picha nzima bila kuminywa. Zikishatosha, jikagueni na nyinyi.

Mimi nimekwisha kulifumua lile ua na kulifuma upya. Lina petali nane sasa, na hakuna jarida linalolitaka.