Mlango Uliopelekwa kwa Fundi

Mwenye nyumba wangu pale Mbeya alikuwa mzee mpole, na upole wake ndio ulionitia shaka. Tangu aliponisikia nikizungumza Kihehe na mgeni wangu kutoka Iringa, alianza kuniuliza kila wiki nitahama lini. Nikaenda bomani. Karani akanieleza kwamba sheria ipo: mpangaji anayelipa kodi hafukuzwi bila amri ya mahakama. Nilirudi nikamwambia mzee maneno hayohayo, tena kwa sauti, wapangaji wenzangu wasikie.

"Kwani nani kakufukuza, mwanangu?" akasema, akacheka.

Kesho yake niliporudi kutoka kazini nilikuta chumba changu hakina mlango. Mzee alisema umeliwa na mchwa, ameupeleka kwa fundi. Ulikuwa mwezi wa sita, na baridi ya Mbeya haina mchezo. Nikatundika blanketi mlangoni, hasira zimenijaa. Nyumba ile ilikuwa na vyumba vitano, na mchwa wakauchagua mlango wa Mhehe peke yake!

Wiki ya tatu nilimtafuta huyo fundi seremala, nikamkuta nyuma ya soko. Mlango wangu ulikuwa umeegemezwa ukutani, mzima, hauna hata tundu. Sikumwambia mimi ni nani. Nilimuuliza tu kwa nini hautengenezi.

"Huo hauna ubovu, bwana," akanijibu. "Nimeambiwa niurudishe Mhehe mmoja akishahama. Kama unatafuta chumba, vumilia kidogo."