Bibi Alipokiita Kiuno Kichwa

"Nakumbuka siku moja nilipandishwa ghorofani kwa uongo wangu mwenyewe," Bibi alianza, na sisi tukadhani anataka kutuchekesha tu.

Ilikuwa leo Ijumaa, baada ya chakula cha mchana. Mama alimwambia dada yangu Rukia wafuatane Biashara Street wakachague kanga za arusi ya binamu yetu. Rukia akajibu hawezi, kichwa chamuuma. Mama akaenda peke yake. Mimi nikainamia sinia, maana kichwa cha Rukia hakiumi. Ni kiuno. Tangu arudi kutoka chuoni Jumanne mimi ndiye ninayemfunga viatu, na ameniapisha nisiseme. Anasomea ualimu, Jumatatu anaanza mazoezi ya kufundisha, na jana aliniambia hawezi kusimama hata robo saa. Alisema huenda akaandika barua aache chuo mwaka huu. Mimi kusema naona haya, kama kawaida yangu. Ndiyo maana naandika.

Bibi alifundisha miaka mingi kabla ya kustaafu, na hadithi yake haina haraka. Alijimiminia kahawa kwanza. Nayaweka maneno yake kama alivyoyasema.

"Nilikuwa wa umri wako, Rukia, nimepewa darasa la tatu katika skuli moja ya Ganjoni. Siku hizo mwalimu mgeni haketi mbele ya watoto. Akiketi ataambiwa mvivu. Basi nasimama kutwa. Nikirudi hapa natandika mkeka, namwaga madaftari, nainama juu yake tangu alasiri mpaka mamangu aniite kula. Nilikuwa naona fahari, wanangu. Mwezi wa pili kiuno kikaanza. Asubuhi nikishuka ngazi hizi zetu nashika ukuta huku na huku, kama mtoto anayejifunza kutembea.

"Sasa, mwalimu mkuu alikuwa mwanamume, mzee wa ndevu nyeupe, rafiki wa baba yangu. Mimi msichana sijaolewa, nimwambie nini? Kiuno? Kiuno kwetu walikitaja wanawake kwa wanawake, tena kwa kicheko, arusini. Siku moja akaniuliza, 'Binti yangu, mbona umekunja uso?' Nikasema, 'Kichwa, Maalim.' Masikini, alikuwa mtu wa huruma. Akasema darasa langu la chini lina joto na kelele za malori, kichwa kitapoa vipi? Akanihamishia ghorofani, kwenye upepo. Ngazi ishirini na nne, Rukia! Na kila tukikutana aniuliza, 'Kichwa je?' Nami namjibu, 'Alhamdulillahi, chaendelea.'"

Hapo nilicheka. Rukia hakucheka. Alikuwa akivuta mto polepole nyuma ya mgongo wake, akidhani hatumwoni.

"Aliyenigundua ni Mwalimu Naliaka, mwanamke wa bara, mumewe akifanya kazi reli. Alisimama mlangoni mwangu akitazama ubao, akangoja watoto watoke. 'We Zuhura, mbona unaandika juu tu? Hapa chini pana nini?' Nikasema, 'Kichwa, dada.' Akaangusha chaki makusudi. 'Haya, niokotee.' Mwanangu, ile chaki niliiona iko mbali kama ng'ambo ya maji ya Makupa. Akasema, 'Hicho ni kichwa gani kinachokuzuia kuinama?' Nikalia. Si kwa maumivu. Nililia kwa kuwa mtu amejua.

"Wala hakunibembeleza. 'Unaona haya kutaja mwili wako, na watoto arobaini wanasoma nusu ya ubao. Mzee wa watu unamfanya akutibu ugonjwa usiokuwepo. Hiyo si adabu, Zuhura, ni kiburi.' Neno lile lilinichoma. Kesho yake akanipeleka kwa daktari, akaniingiza mpaka ndani. Mkeka ukakunjwa, madaftari yakapanda mezani. Na mwalimu mkuu, Naliaka alipomweleza, alinirudisha chini akaniletea kiti yeye mwenyewe, wala kiuno hakukitaja. Mungu amrehemu. Lakini nilikuwa nimechelewa. Miezi ikapita sijaweza kuinama. Viatu nilifungwa na mdogo wangu."

Bibi akanitazama mimi. Uso ukanipata moto. Nikatazama vidole vyangu tu, na nadhani vidole vilisema.

"Si kichwa, Bibi," Rukia akasema.

"Najua. Najua tangu ulipokataa kuketi mkekani kula nasi. Nataka ukitaje wewe."

"Kiuno. Nasomea kitandani, kompyuta mapajani, siku nzima. Na siku nyingine mguu huu wa kushoto wafa ganzi. Bibi, Jumatatu sitaweza. Nilitaka niandike barua niache chuo."

"Jumatatu bado. Kesho asubuhi ni daktari, na habari ya mguu umwambie kabla hujaketi. Barua ya kuacha utaiandikaje, na barua ya kuomba kiti hujaiandika?"

Rukia akacheka na machozi yakimtoka.

"Basi sikiliza, mwanangu. Kompyuta iondoe kitandani, iweke mezani juu ya vitabu, miguu yako iguse sakafu. Na usigande hapo; inuka kila mara utembee mpaka dirishani. Wala usilale kutwa ukidhani ndiyo dawa, mimi nilijaribu nikazidi kukakamaa. Mengine atakwambia daktari. Langu ni hili: kinachokuuma kitaje kwa jina lake, mapema, kwa mtu anayeweza kukusaidia. Asiyejua unapoumia atakupandisha ngazi kwa nia njema."

Kisha akanigeukia. "Na wewe mfunga viatu. Siri ya mtu anayeumia usiibebe peke yako. Ukiona haya kusema, njoo uketi karibu nami tu. Nitakuuliza mimi."

Nikasogea nikaketi karibu naye. Akatuwekea mikono vichwani, mmoja kwangu, mmoja kwa Rukia, aliyeinamisha shingo tu, maana zaidi ya hapo hakuweza.

"Mwenyezi Mungu awanyooshee migongo yenu, awafungulie ndimi zenu, na kila mtakaposimama mbele ya watu asikose mtu wa kuwaletea kiti."

"Amin," tukasema. Yangu, kwa mara ya kwanza, ilisikika.